Umakinifu: muulizeni mtu kwanza ameingilia mlango gani

Ndugu Mhariri,

Neno umakinifu, yaani zoezi la kuweka akili kwenye kinachotokea sasa hivi na kuirudisha kila inapotoroka (Kiingereza mindfulness), limezagaa Moshi na Arusha siku hizi: kwenye semina za wafanyakazi, kwenye madarasa ya yoga, hata kwenye vikoba vya akina mama. Sisi tunaoelekeza mazoezi haya tunaomba nafasi tuseme jambo moja. Mwalimu amuulize kwanza mtu ameingilia mlango gani, yaani kitu gani kimemleta, ndipo amwambie akae vipi. Wengi wanaoacha wiki ya pili hawakushindwa na zoezi. Walipewa zoezi la mtu mwingine.

Asili yake tuiseme wazi, maana hapo ndipo maneno yanapozukia. Zoezi limetoka kwa Wabudha, ambao kwa Kipali, lugha ya maandiko yao ya kale, huliita sati. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, alilivua mavazi ya dini akawapa wagonjwa wenye maumivu sugu. Leo mpango wake ni wiki 8, kikao kimoja kwa wiki cha saa mbili na nusu hivi, na dakika 45 nyumbani karibu kila siku. Anayeogopa kusilimishwa au kubatizwa upya asiogope. Anayedai halihusiani kabisa na Ubudha naye anatia chumvi.

Muislamu hahitaji kengele wala udi wa kigeni. Khushuu anaijua, kuhudhurisha moyo katika swala, na anajua pia rakaa ya tatu inavyoweza kupita akili ikiwa dukani. Mwambieni kwamba zoezi ni kule kugundua uko dukani, ukarudi bila kujilaumu. Mkatoliki mwenye rozari anakutana na jambo hilohilo kwenye tendo la tatu. Ila ibada ibaki ibada. Zoezi litengewe wakati wake.

Waongoza wageni na wapagazi wa Kilimanjaro wameingilia mlango wa miguu, na hapa walimu wa mjini hukosea sana. Huwaambia wafuate pumzi. Ukilala kambi ya Kibo Hut, mita 4,700 na zaidi, pumzi hubadilika yenyewe usingizini: huenda mbio, hupungua, husimama sekunde kadhaa, kisha huanza tena kwa kishindo. Mtu akiamka na kuanza kuilinda pumzi ya namna hiyo, hofu humzidi. Yeye afuate nyayo: kisigino kinagusa, uzito unahama, mguu wa nyuma unanyanyuka. Hiyo pole pole wanayowaimbia wageni ni zoezi tayari, haina haja ya jina jipya. Na mtu anayeumwa kichwa, anatapika na kuyumba asiambiwe aitazame hali yake mpaka ipite. Huo ni ugonjwa wa mwinuko. Ashushwe mara moja.

Dereva wa bodaboda asifumbe macho akiwa kazini, hata kwenye taa nyekundu. Akisimama, aone tu vidole vinavyong'ang'ania usukani, avilegeze, ashushe mabega. Sekunde kumi zinatosha.

Kwa wengine wote, anzeni na dakika 3, si 45. Kaa kwenye kiti, nyayo zote chini, mgongo usiegemee. Weka simu ikulilie muda ukiisha, usije ukachungulia saa kila mara. Sikia pumzi mahali pamoja tu, puani au tumboni, uhesabu kila inapotoka: moja hadi kumi, kisha rudi moja. Ukijikuta kwenye 17, au kwenye deni la ada ya shule, rudi moja. Anayekuambia "ondoa mawazo yote" amekupa kazi isiyowezekana. Mawazo huja kama mate mdomoni.

Ukisikia kizunguzungu na vidole kufa ganzi, umekuwa ukivuta pumzi kwa nguvu na kutoa hewa chafu kupita kiasi, iache ijiendee. Ukisinzia, huenda umefanya baada ya ugali, au umelala chali kitandani. Sogeza zoezi kabla ya chakula.

Asiyeweza kabisa kukaa kimya aende kijiweni na kikombe chake cha kahawa chungu. Kile kidogo, cha kumiminiwa kutoka kwenye dele. Joto linaanza kwenye ncha za vidole kabla mdomo haujafika. Mvuke unagusa mdomo wa juu. Funda la kwanza huchoma, uchungu hubaki nyuma ya ulimi, halafu kashata inauvunja. Funda tatu bila simu wala ubishi wa Simba na Yanga, kisha urudi kwenye ubishi wako.

La mwisho ndilo linalotutia wasiwasi. Mtu aliyepitia ajali mbaya, kipigo au msiba mzito anaweza kufumba macho na tukio zima likamrudia. Asilazimishwe. Afumbue macho, akanyage sakafu kwa nguvu, ataje kimoyomoyo vitu vitano anavyoviona, na zoezi la siku hiyo liishie hapo. Hali ikijirudia, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili, na anayetumia dawa asiziache kwa sababu ya darasa. Kwa hiyo wanaoandaa madarasa waweke kwenye fomu ya kujiandikisha, kabla ya sehemu ya malipo, swali hili: kitu gani kimekuleta?

Waelekezaji wa mazoezi ya umakinifu,
Moshi