Risala ya kundi la 4 kwa mgeni rasmi, siku ya kuonyesha projekti

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wetu wa chuo, walimu, wateja wetu mlioacha biashara zenu kuja kutusikiliza, na wanafunzi wenzangu mliojazana huko nyuma, wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Niombe radhi mapema, hii risala nimeichapa kwenye simu jana usiku umeme umekatika, kwahiyo mkiniona nakodoa macho msishangae.

Sisi ni kundi la 4, tupo watano, tunasoma TEHAMA. Kazi tuliyopewa ni kutafuta mteja wa kweli, kupanga projekti na kumtengenezea mfumo ndani ya wiki 12. Mteja wetu ni mama mwenye duka la jumla la vyombo vya plastiki Kariakoo, mabeseni, ndoo, madumu, na leo yupo, kakaa pale mbele.

Mgeni rasmi, wiki ya kwanza hatukutoka hata nje ya maabara. Tulichora chati ya Gantt ya nguvu, ile ya kuonyesha kazi gani inafanyika wiki gani, tukaiprinti kwa rangi tukaibandika ukutani, mahojiano wiki ya 2, usanifu wiki ya 4, wiki ya 6 mteja anajaribu mfumo. Sasa chati ilikuwa haijui kwamba wiki ya 2 mama yupo Guangzhou kafata mzigo, na wiki ya 6 ndo siku za mwisho za Ramadhani, na Kariakoo ya kuelekea Idd wote tunaijua, hata pa kukanyaga hupati, nani atakaa na wewe akubonyezee vitufe? Wote watano tunaishi Dar na hakuna aliyewaza hilo, tulifuata kalenda ya chuo tu.

Mama aliporudi tukampelekea andiko la projekti, kurasa 23, Kiingereza kitupu. Akalipokea, akalipima mkononi kama mtu anayepima nyama, akaliweka juu ya mabeseni akasema "wanangu, nisomeeni kwa Kiswahili." Nikaanza kutafsiri palepale huku wabeba mizigo wanatupigia kelele tupishe njia, nikafika sehemu inayosema kila bidhaa ikiuzwa pesa inaingia na stoku inapungua. Akanikata. "Na mali kauli je?"

Kwa wasiojua, asubuhi saa 1 vijana wanafika dukani, huyu anabeba mabeseni dazani 2, yule ndoo, hakuna anayetoa pesa, ni kauli tu. Jioni wanalipia walichouza, kilichobaki wanarudisha. Kwenye majedwali ya kutunzia taarifa za mfumo wetu hicho kitu hakikuwepo kabisa! Ukikiita mauzo, pesa iko wapi. Ukikiita deni, mbona beseni lenyewe linaweza kurudi jioni. Ukisema bado ni stoku, nenda kahesabu dukani uone kama lipo. Siku hiyo kwenye daladala hakuna aliyeongea mpaka Buguruni.

Kesho yake tukaomba tukae dukani siku 3 tuangalie tu, na kiukweli hapo ndo projekti ilipoanza. Mama ana kauntabuku, ukurasa wa kushoto kilichotoka, wa kulia kilichorudi, mtu akimaliza kulipa anachorewa mstari mwekundu kutoka mwanzo mpaka mwisho, akibakiza mstari unaishia katikati. Majina yenyewe sasa, "Baba Rehema Mbagala", "mwenye kofia", "mwenye kofia wa pili". Tulikuja tukijua tunaleta mfumo kumbe mfumo upo miaka yote, na unahesabu vizuri kuliko wa kwetu. Ikabidi tutengeneze jedwali jipya la vitu vilivyotoka, kila kimoja kina hali yake, kipo nje, kimerudi au kimelipwa, na hesabu ikubali dazani na pisi kwa pamoja.

Tulikosea pia. Tulipiga picha za kauntabuku tukarusha kwenye grupu letu la WhatsApp, namba za simu za watu na madeni yao humo humo. Mwalimu akatuuliza kama tumewahi kusikia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, tukabaki tunaangaliana. Picha tulifuta, na sasa hivi madeni anayaona mama na msaidizi wake mmoja.

Halafu kijana wa mama akataka app ya kuagizia mtandaoni, na ramani, na ofa za sikukuu, na sisi kwa kuogopa kumkatalia mteja tukawa tunaitikia tu. Mwishowe tukaandika karatasi moja ya Kiswahili yenye mafungu manne, lazima, ingefaa, nafasi ikibaki, na siyo awamu hii. App ikaenda fungu la mwisho, kijana akanuna wiki nzima, mama akasaini.

Wiki ya 9 tukawa nyuma. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kubwa pale IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye projekti ya programu iliyochelewa unazidi kuichelewesha. Tumemsoma, mtihani tumejibu, na bado tukaazima watu wawili kundi la 2. Siku 4 zikaisha tunawaelezea mali kauli ni nini.

Leo mfumo unaonyesha kilichotoka, kilichorudi na anayedaiwa, basi. Ripoti ya faida haijaisha, tusidanganye. Mama anaendelea na kauntabuku yake pembeni mpaka hesabu za pande zote mbili zilingane mwezi mzima.

Maombi yetu mgeni rasmi ni haya. Barua za utambulisho zitoke kabla muhula haujaanza, maana yetu ilitukuta wiki ya 3. Bando tunanunua kwa hela ya kula, hilo utaliangalia. Na ukitupa kazi ofisini kwako, tunaomba utupe na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema hiki ndiyo hiki hapana, siyo kamati.

Kama una swali kwa mama tunaomba uanze na yeye, kasema saa 9 lazima awe dukani, vijana wanaanza kurudisha.

Naomba kuwasilisha.