Barua kwa mwanangu: kidude cha kuchimba sarafu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku Majengo sote wazima. Nyanyako akusalimu na auliza chuo chafungwa lini.

Kile kidude cha kuwafunza watoto sarafu za mtandaoni zachimbwa vipi, nimekianza. Ubongo wake ni ESP32, chipu ndogo ya kompyuta, skrini ni ile ndogo ya inchi 0.96, na betri nimeing'oa kwenye laptopu mbovu. Nimeipima, bado yashika chaji. Kilichonitoa jasho ni vitufe viwili. Miguu yake imebanana mno, na risasi ya kulehemu ikishayeyuka yaruka guu hili na kushika la jirani.

Wewe wataka tukiunge na mtandao kichimbe Bitcoin, moja ya sarafu hizo, kwelikweli. Mimi sitaki. Kuchimba ni kubahatisha namba, na chipu hii hujaribu makumi ya maelfu ya namba kwa sekunde. Antminer S21 moja, mashine ya wachimbaji wenyewe, hujaribu kama trilioni 200 kwa sekunde, nayo yala umeme wa wati 3,500 hivi. Mtoto atakishika hadi aote ndevu, senti haioni. Tena vijana wa hapa mtaani washaliwa na programu za simu: bonyeza kila siku, pesa zajaa, siku ya kutoa waambiwa watume ada kwanza.

Nataka mtoto aione kazi yenyewe. Skrini imwonyeshe alama ya bloku (fungu la malipo) iliyotangulia, malipo mawili matatu ("Juma kampa Asha 50"), na namba ya kubahatisha. Akibonyeza, namba yapanda kwa moja, SHA-256, kanuni ya hesabu inayoyasaga yote hayo, yatoa mfuatano mpya wa herufi na tarakimu 64, usiofanana na wa kwanza hata chembe. Huo ndio alama ya bloku, na sharti uanze na sifuri. Sifuri moja huja kwa wastani wa majaribio 16; mbili, majaribio 256. Hapo kidole kitachoka, na kitufe cha pili kiiachie chipu ihangaike. Sifuri nne ni wastani wa majaribio 65,536, sekunde chache tu. Ziwe sita, atangoja dakika kadhaa.

Akishapata, abadilishe ile 50 iwe 500. Sifuri zatoweka, na kila bloku iliyofuata yaharibika, kwa kuwa ilibeba alama ya mwenzake. Mwizi itambidi azichimbe zote upya, ilhali sisi wengine twahakiki kwa hesabu moja tu. Umeme wote ule wachomwa kwa ajili hiyo, na watu wengi wenye sarafu hizo hawalijui.

Malipo ya wachimbaji tutayaweka pia: Bitcoin 50 kwa bloku mwaka 2009, 3.125 tangu Aprili 2024.

Kilichobaki ni chako. Bitcoin hurekebisha ugumu wa kuchimba kila bloku 2,016 ili bloku moja ichukue kama dakika 10. Niandikie kipande cha programu kifanye hivyo kila bloku 8, kikilenga nusu dakika, na unitumie kwa WhatsApp kabla ya Ijumaa. Mlio wa ushindi usiweke, mamangu. Mashine za kamari zilizojaa mitaani zatosha.

Babako