Kabla Rashidi hajapanda ndege

Dar es Salaam

Kwako mpendwa Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Baba Hamisi na watoto, na kwamba Mama amepata nafuu ya miguu. Mfikishie shikamoo yangu. Sisi huku hatujambo.

Mwajuma amenifikishia salamu zako pamoja na picha ya kompyuta mpakato unayotaka kununua, akaniambia kwamba Rashidi anarudi kutoka Dubai mwisho wa mwezi na anasubiri neno lako tu ili ailipie. Nimeona nisikujibu kwa ujumbe mfupi wa simu. Fedha yenyewe ni ya mkopo wa SACCOS, utakatwa mshahara mpaka watoto wabadilishe madarasa mara mbili, na kitu hicho ndicho utakachoandikia tasnifu yako ya uzamili. Kwa hiyo niwie radhi nikirefusha maneno, kwa sababu jambo hili limenikaa moyoni tangu nilipoiona picha ile.

Mashine ni nzuri. Haifiki kilo moja, unene wake ni kama sentimita moja na kidogo, haina feni, ina matundu mawili ya USB-C upande wa kushoto na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hukaa, ya GB 8. Najua pia kinachokuvuta. Hiyo uliyo nayo sasa, pamoja na chaja yake, inakaribia kilo tatu, na juu yake unabeba madaftari ya kidato cha tatu kwenye bodaboda na mgongo wako unaujua mwenyewe. Mimi nahariri vitabu kutwa kwenye kompyuta nyembamba, na faida yake naijua: huenda nawe kila mahali, ukaifungua penye nafasi ya robo saa, ukafanya kazi ambayo nzito isingefanya kwa sababu ingebaki nyumbani. Faida ya pili ni umeme. Prosesa za mashine hizi, yaani ubongo wake, hutumia umeme kidogo, na nyingi huchaji kwa USB-C, kwa hiyo umeme ukikatika unaweza kuendelea kwa pawabenki yenye nguvu ya kutosha, wati 45 au 65. Kwa mtu wa Muheza hilo ni jambo kubwa, na sitaki ulikose.

Ninachotaka ukipime ni kile kinachotolewa ili wembamba huo upatikane. Januari 2008, Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, alisimama jukwaani San Francisco akaitoa kompyuta yao ya MacBook Air ya kwanza ndani ya bahasha ya kaki ya ofisini. Ilikuwa na kilo 1.36, tundu moja tu la USB, haikuwa na mahali pa kuingizia CD, na betri yake haikuchomoka kwa mkono. Miaka mitatu baadaye Intel, kampuni inayotengeneza prosesa, ikawahimiza watengenezaji wengine wafuate njia hiyo, ikaziita mashine hizo Ultrabook na kuziwekea kipimo: zenye kioo cha chini ya inchi 14 zisizidi unene wa milimita 18. Tangu hapo kila aliyetaka kupunguza milimita nyingine alilazimika kuondoa kitu ambacho mtu fulani alikuwa bado anakitumia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni MacBook ya inchi 12 ya mwaka 2015. Ilikuwa na gramu 920 na milimita 13.1, na tundu moja la USB-C lililotegemewa kwa kuchaji na kwa vifaa vyote. Vitufe vya kibodi yake vilipunguzwa kina mpaka vikawa vinabonyea kidogo mno, na punje ya vumbi ikiingia chini ya kitufe, herufi inagoma au inajiandika mara mbili. Muundo huo ukaingizwa na kwenye mashine nyingine za Apple, na mwaka 2018 kampuni ikaanza mpango wa kuzitengeneza kibodi hizo bila malipo. Kufikia 2020 ilikuwa imeuacha muundo wenyewe, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja nchini Marekani. Sasa fikiria vumbi jekundu la barabara ya shuleni kwenu, na ufikirie kwamba wale wateja walikuwa na duka la kampuni mjini kwao.

Lakini kibodi si hoja yangu kuu, na muundo ule umekwisha. Hoja yangu kuu ni RAM. Wiki iliyopita nilikuwa kwa fundi wetu wa Kariakoo, yule wa ghorofani ambaye Mwajuma anamfahamu, nikamkuta ameifungua moja ya mashine hizi mezani, nikamwomba anieleze ili niweze kukueleza. Ukiondoa mfuniko wa chini, karibu nafasi yote imejaa betri: vipande bapa vyeusi vilivyolazwa kwa gundi, kingine kidogo kuliko kingine ili vijaze kila pembe. Bodi kuu yenyewe ni ukanda usiozidi upana wa kiganja. Kando ya prosesa vimekaa vijimraba viwili vyeusi, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Fundi akaviwekea ncha ya bisibisi akasema, "RAM ndiyo hiyo, mama. Imelehemiwa. Akitaka kuongeza, anunue kompyuta nyingine." Kisha akageuza sehemu ya juu akanionyesha kibodi ilivyoshikizwa kwa riveti ndogo ndogo nyingi, herufi moja ikifa, yeye huagiza sehemu nzima ya juu.

Nilimuuliza kama ni ujanja wa kutulazimisha kununua mpya, naye akanijibu kwa haki. RAM ya aina hiyo imetengenezwa itumie umeme kidogo sana, na ili ifanye kazi kwa kasi inatakiwa kukaa karibu mno na prosesa, njia kati yake ziwe fupi. Saa nyingi za betri tunazozisifu zinatokana na hapo hapo. Tangu 2024 imeanza kuonekana aina mpya ya RAM hiyo inayofungwa kwa skrubu na kufunguliwa, lakini iko kwenye mashine chache na za bei kubwa, kwa hiyo Rashidi asipoteze muda kuitafuta.

Ndiyo maana GB 8 zimenitisha, Zuhura. Zamani tulizoea kununua tulichoweza, halafu mwaka unaofuata tunakwenda kwa fundi kuongeza. Kompyuta yako ya sasa uliiokoa hivyo hivyo. Hii ya picha haina mwaka unaofuata. Utakapofungua tasnifu yenye picha, jedwali la takwimu, kurasa za makala unazosoma na kikao cha video na msimamizi wako kwa pamoja, RAM itajaa, mashine itaanza kuhamishia mambo kwenye diski na kurudisha, na utabaki unasubiri. Hata Apple, ambayo kwa miaka mingi ilianzia GB 8 kwenye MacBook Air, Oktoba 2024 ilipandisha kianzio hicho hadi GB 16 bila kuongeza bei. Kama fedha haitoshi kwa GB 16 katika mashine mpya, ni heri mashine ya miaka miwili nyuma yenye GB 16 kuliko ya mwaka huu yenye 8. Katika hili sina shaka hata kidogo.

Jambo la pili ni joto, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu wanaoandika sifa za mashine hizi huwa wamekaa penye baridi. Kompyuta isiyo na feni hutegemea bati lake lenyewe kutoa joto nje. Kwa kuandika na kusoma haina tatizo. MacBook Air za tangu mwisho wa 2020 hazina feni na watu wanazifurahia. Kazi ikiwa nzito na ndefu, prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue. Apple yenyewe huelekeza kwamba mashine zake zitumike penye joto la nyuzi 10 hadi 35. Sasa Februari, saa nane mchana, chini ya bati la ofisi yenu ya walimu, tunaanzia wapi? Na joto hilo hilo ndilo linalozeesha betri. Betri ya kompyuta kama hizo imekadiriwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya duru 1,000 za kuchaji, lakini yenye kuishi kwenye joto huku imejazwa muda wote huchoka mapema, nyingine huvimba. Ya zamani ikichoka ulichomoa ukaweka nyingine. Hizi betri yake iko chini ya tachipadi, na dalili ya kwanza ni tachipadi kuwa ngumu kubonyea, kisha kuinuka upande mmoja. Ukiona hivyo, izime na usiichaji tena. Ukinunua yoyote, tafuta mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80, na usiiweke juu ya godoro ikiwa inafanya kazi.

Mengine nayapitia haraka. Projekta ya shule yenu nakumbuka ni ile ya tundu la buluu la VGA, na mashine ya picha haina hata HDMI, tundu la kisasa la kupelekea picha kwenye projekta. Itakubidi utembee na adapta, na siku utakayoisahau nyumbani ndiyo siku ya mkaguzi. Kioo cha kompyuta nyembamba hakina nafasi ya ziada kinapofungwa, kiasi kwamba mwaka 2020 Apple iliwaonya wateja wasifunge kompyuta ikiwa na kifuniko cha kamera kinachozidi unene wa karatasi. Kalamu ikisahaulika juu ya kibodi inatosha kukivunja, na usiiweke mkobani chini ya madaftari. Halafu kuna kompyuta za Windows zenye prosesa za Snapdragon, aina tofauti na zile za kawaida, zilizotoka 2024, ambazo betri yake inadumu sana, lakini printa za zamani zisizo na programu iliyotengenezwa kwa ajili yake haziziitikii. Printa ya ofisi yenu ina umri gani? Chaja za Dubai hazina shida, plagi yake ni ya miguu mitatu bapa kama zetu. Vitufe vingi vya kule vina herufi za Kiarabu pembeni ya zile za kawaida, na wewe hilo halitakusumbua.

Nilifikiria pia kukushauri ufanye kama Kitwana. Anayo ThinkPad T480 ya mwaka 2018, aliyoinunua ikiwa imetumika: ina sehemu mbili za RAM ambazo ameziongeza mwenyewe, ina tundu la waya wa intaneti, na betri mbili, moja ndani na moja ya nje unayoweza kuibadilisha bila kuzima kompyuta. Ina kilo moja na nusu na ushee. Ni mashine ya kuheshimika. Lakini mgongo wako, na umri wa mashine yenyewe, vimenizuia kuisifia zaidi.

Kwa hiyo ninachokuomba ni kwamba umwambie Rashidi aiache ile ya picha, na atafute nyembamba ya wastani: inchi 13 au 14, kati ya kilo 1.1 na 1.4, yenye feni, HDMI, angalau tundu moja la USB la kawaida, na RAM ya GB 16 bila kushuka. ThinkPad X1 Carbon ni ya namna hiyo, na ziko nyingine. Tofauti ya unene na hiyo uliyoipenda ni milimita tatu au nne, ambazo mkobani hutazihisi, lakini ndani ya milimita hizo ndimo wanamoweka feni na tundu la HDMI. RAM yake nayo huenda imelehemiwa, ndiyo maana narudia GB 16 kama mtu anayeimba wimbo mmoja. Kabla hajalipa, aiwashe, aandike kila herufi, aichomeke chaja kwenye kila tundu la USB-C, na aifungue sehemu ya mipangilio aone kwa macho yake RAM ni ngapi, asitegemee karatasi iliyobandikwa kwenye boksi. Dhamana nayo aulize kama inafanya kazi Tanzania au ni ya kule kule.

Sasa nijibu, mwenzangu. Rashidi anaondoka tarehe gani hasa? Programu yenu ya matokeo inataka Windows, au inafunguka popote penye intaneti? Uchambuzi wa takwimu utaufanya mwenyewe au utampa mtu? Fedha ya SACCOS ni hiyo tu, au Baba Hamisi anaweza kuongezea kidogo ili ufike kwenye GB 16? Na hiyo ya zamani unaiuza, au Hamisi anairithi? Nipigie jioni yoyote baada ya Isha, na kama Rashidi ana nafasi nipe namba yake nizungumze naye mwenyewe akiwa dukani.

Wasalimie wote, na Mwalimu Sabina pia.

Ni mimi rafiki yako,
Mwanaidi