Msikate mbio kwenye meza ya maji

Ndugu Mhariri,

Septemba 2025 kule Tokyo, kwenye marathoni ya mashindano ya dunia, Mtanzania Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, na dhahabu ya dunia ikaja Tanzania kwa tofauti ya sekunde 0.03. Mwisho wa namna hiyo hata kamera ya getini ingeutendea haki. Ila marathoni nyingi huamuliwa barabarani, kuanzia kilomita ya 28 hivi, na hapo ndipo vituo vyetu vya runinga hupenda kwenda kwenye matangazo ya biashara.

Chukua London, Aprili 2025. Karibu na kilomita ya 30 wenzake waliposogea mezani kuchukua chupa, Sabastian Sawe aliipita meza na kuongeza mwendo. Akashinda kwa 2:02:27, sekunde 70 mbele ya Jacob Kiplimo. Mkimbiaji anayemaliza kila kilomita kwa dakika 2:55, mkiweka dakika tatu za biashara, kilomita nzima imepita. Mtazamaji anarudi anamkuta mtu yuko peke yake, hajui alichomokaje.

Meza hizo huwa kila kilomita 5, si siri. Kwa kasi hiyo kundi hufika meza ya 30 saa ya mbio ikisoma 1:27:30, na ya 35 ikisoma 1:42:05. Prodyuza aziandike kabla ya mbio. Biashara ziwekwe kilomita ya 6 hadi 9, au 11 hadi 14, wakati wapanga kasi, yaani wakimbiaji wanaotangulia kushika mwendo kisha hujitoa, bado wanavuta kundi. Wakishatoka, kwa kawaida kati ya 25 na 30, tangazo likae kwenye dirisha dogo na mbio zibaki kwenye skrini kubwa.

Kuna na suala la pengo. Lenzi ndefu ya pikipiki iliyo mbele humbandika wa pili mgongoni kwa wa kwanza. Mtangazaji anapaza sauti kwamba anamfikia, kumbe wapi! Chagua nguzo ya taa, hesabu sekunde tangu wa kwanza aipite hadi wa pili. Sekunde 10 kwa kasi hiyo ni mita 57. Rudia baada ya kilomita moja: ukipata 13, hakuna anayemfikia mtu.

Picha kukatika si kosa la kituo cha hapa. Pikipiki hurusha mawimbi kwa helikopta au ndege, nayo huyashusha kwenye mitambo ya kupokelea. Majengo marefu, madaraja na mvua huyakata. Lakini muda wa chipu, yaani vifaa vidogo wanavyovaa wakimbiaji vya kurekodi muda, huendelea kuingia kila kilomita 5. Usomwe, badala ya kutujazia wasifu wa mji.

Wanawake ndio huumia zaidi. Berlin 2023 Eliud Kipchoge alimaliza kwa 2:02:42 na Tigst Assefa kwa 2:11:53, rekodi ya dunia ya wanawake wakati huo. Kati yao ni dakika tisa na ushei, na dakika kama hizo huliwa na marudio ya mshindi wa kiume. Marudio yasubiri. Na kwa London na New York, ambako wanawake mahiri huanza kabla ya wanaume, wawekewe saa yao wenyewe kwenye skrini, maana saa ya wanaume haiwahusu.

Mdau wa riadha,
Arusha