Dada uliyewasaidia watoto pale Maungu, asante

Niliporudi kutoka shambani ulikuwa umeshapanda matatu, na watoto hawakukuuliza jina. Walikuwa wamemkuta mtoto wa digidigi kando ya mamake, aliyenaswa na kufa kwenye mtego wa waya. Walishamletea maziwa ya ng'ombe, wanataka kumnywesha kwa kijiko.

Uliwazuia kwa upole. Uliwaeleza kwamba maziwa yanaweza kumpalia yakaingia mapafuni, au yakamfanya aharishe hadi afe, na kwamba mnyama wa porini akizungukwa na kupapaswa, hofu pekee inaweza kumuua. Mkamweka kwenye boksi lenye matundu, kivulini, kimya. Ukawapigia KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ukakaa na wanangu mpaka askari wakafika. Wangapi wangesubiri juani kwa ajili ya watoto wasio wao?

Kitindamimba wangu alilia, alitaka kumfuga. Hukumkemea, ulimweleza kuwa sheria inakataza kufuga mnyamapori bila kibali, ukamwachia yeye amkabidhi.

Sasa wakiona waya porini hukimbia kuwaita wazee waung'oe. Mungu akuzidishie, dada yangu.