Mjomba, Pesa ya Mganga Sitoi

Atlanta, Julai

Mjomba, shikamoo.

Ujumbe wako nimeupata. Laki nne za mganga wa Newala sitoi. Uniwie radhi, ila Bi Somoe hajamroga ndugu yetu Rashidi macho. Mama wa watu mnamwonea tangu mikorosho yake ilipozaa kuliko yenu, na Mikindani nzima inajua.

Babu, kaka yake bibi mzaa mama, alianza kwa kujikwaa magharibi giza likiingia. Akafuata marehemu mjomba Hamisi, mkasema kavunja mwiko. Leo Rashidi. Wanaume watupu, wote wa tumbo la mama zetu. Na daktari alishasema ni retinaitisi pigmentosa, ugonjwa wa macho wa kurithi: chembe za retina, utando wa nyuma ya jicho, zinazoona gizani hufa kwanza, halafu uoni unaliwa kutoka pembeni mpaka mtu anabaki kama anachungulia kwenye bomba. Uko wa namna nyingi. Upo ambao mama anaubeba, yeye mara nyingi haumsumbui sana, akawapa wanawe wa kiume, na wetu naona umekaa hivyo. Hirizi itafika wapi humo?

Linaloniuma zaidi ni kumkalisha. Zuhura kanipigia video, nikamwona Rashidi barazani, redio mapajani, hata maji ya kunywa analetewa na mtoto. Rashidi huyu huyu aliyekuwa akituacha nyuma porini tukienda kuchimba ming'oko! Eti akitembea macho yatachoka. Nani kawaambia?

Chuo Kikuu cha Emory kiko hapa hapa mjini. Mwaka 2014 watafiti wake walieleza walivyokimbiza panya kwenye mashine, saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, kabla na baada ya kuwamulika kwa mwanga mkali unaoua retina. Waliokimbia walibakiwa na chembe za kuonea karibu mara mbili ya wale waliokaa tu. Walipowapa dawa ya kuzuia kazi ya BDNF, protini inayolinda neva, faida yote ikayeyuka. Baadaye wakaja panya waliozaliwa na ugonjwa wa kurithi kama wetu, wakawekewa gurudumu wakimbie wapendavyo, nao macho yao yakahimili zaidi. Ni panya hao, mjomba, si watu, na sisemi Rashidi atapona. Nasema kumkalisha hakumlindi na kitu.

Mimi mwenyewe, yule mliyeniita Kobe, tarehe 4 nimekimbia mbio za Peachtree za hapa mjini, kilomita 10, katikati ya maelfu ya watu, nikamaliza. Fulana wanayopewa wanaomaliza ninayo. Picha nimeiweka kwenye kundi la ukoo, akajibu mtu mmoja tu, kuuliza kama kuna zawadi ya pesa! Kazi ipo, ya usiku, msijali. Juzi nimepika mihogo ya dukani, haina ladha kabisa, nikawaza ming'oko ya mama mpaka hamu ya kula ikaniisha.

Basi, asubuhi jua likishapanda na maji yakiwa yamekupwa, Juma ampeleke pwani watembee chapuchapu kwenye mchanga mgumu. Asimkokote. Rashidi ndiye ashike kiwiko cha Juma. Magharibi wawe wamesharudi.

Pesa ya viatu, na nauli ya kurudi kwa daktari wa macho, nimetuma kwenye simu ya Zuhura, si yako, na sababu unaijua. Mama mwambie nitapiga Ijumaa. Bi Somoe naye mpe salamu zangu, tena mbele za watu.

Mpwa wako,
Selemani