Zoezi la Amani

Bukavu, Jumapili jioni

Furaha ndugu yangu,

Salamu nyingi toka Ibanda. Sisi wazima, ila umeme umekatika tangu jana, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu. Karatasi hii atakuletea mtu anayepanda boti ya kesho. Picha ya daftari la Amani niliiona kabla simu haijazima. Zoezi lenyewe ni hili, la kutafuta x na y ili matrisi hizi mbili, yaani majedwali ya namba, ziwe sawa:

[ 2x+1   x² ]   =   [ 7   9 ]
[ y−3     4 ]         [ 5   4 ]

Kwanza atazame umbo. Matrisi yenye mistari 2 ya kulala na safu 3 za kusimama, na nyingine yenye mistari 3 na safu 2, zote zina namba 6, lakini haziwezi kuwa sawa hata siku moja. Zake ni 2 kwa 2, basi aendelee.

Halafu kila namba ilingane na mwenzake wa mahali palepale. Unajua mambo ya deni dukani: daftari lako na la mwenye duka yakitoa jumla moja, bado mtagombana mpaka kila mstari ulingane. Hapo basi kuna milinganyo minne kwa mpigo. 4 = 4 haitupi kitu. y−3 = 5, kwa hiyo y ni 8.

Kazi iko kwa x. Amani alishika x² = 9, akaandika 3 au −3, akapiga mstari chini kama mtu aliyemaliza. Kumbe x imekaa mahali pawili! Kule juu kushoto, 2x+1 = 7 inakubali 3 peke yake; ukiweka −3 unapata −5. Basi −3 inatoka. Na kama pale penye 9 pangekuwa 16, upande mmoja ungedai 3, mwingine 4 au −4. Hapo hakuna x inayofaa, na aandike hivyohivyo bila kuona haya. Katika mtihani wa Serikali, ambako wanachagua jibu kati ya yaliyoandikwa, −3 inaweza kuwa imekaa pale inamngoja mwenye haraka. Kila thamani airudishe mahali pote ilipotajwa.

Mpe na hili, atafute a na b:

[ a+b   3a ]   =   [ 8   15 ]
[ 6   a−b ]         [ 6    4 ]

Usimsaidie. Anijibu mwenyewe kwa maandishi, boti ikirudi.

Nisalimie Mama, na umwambie sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alizotuma zilifika zikiwa nzuri.

Wako,
Neema